Nyama Iliyojificha Kwenye Upawa

Menyu za migahawa ya Kampala zimeanza kuota majani. Kololo, Kisementi, Ntinda, Bugolobi: ukifungua menyu siku hizi huenda ukakuta alama ndogo ya kijani kando ya baadhi ya vyakula, au ukurasa mzima wa vyakula visivyo na nyama, wenye baga ya dengu, saladi ya parachichi na uyoga wa kukaanga. Wapo wanaoushangilia ukurasa huo wakiona jiji limeanza kuwajali wasiokula nyama. Wapo wanaoudharau, wakisema ni mambo ya watalii na wafanyakazi wa mashirika, na Mganda wa kawaida hana haja nayo. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kudhani kwamba chakula kisicho na nyama ni kitu kipya Kampala. Chakula hicho kipo kila kona, ni cha zamani kuliko hoteli zenyewe, na mara nyingi ndicho cha bei ya chini kabisa. Kinachokosekana ni uhakika. Mtu anaweza kuagiza maharagwe au mchuzi wa karanga katika kibanda chochote kati ya Wandegeya na Nsambya, lakini ni nadra ajue nini kingine kimeingia kwenye sufuria kabla sahani haijamfikia. Hoja yangu ni kwamba jiji hili lina vyakula vya kutosha vya mlaji wa mboga. Wapishi wabadilishe mpangilio wa kazi jikoni na waseme wazi walichotia, hapo mengi yatakuwa yamekwisha.

Tuanze na jinsi sahani ya Kampala inavyojengwa, maana hapo ndipo wageni wengi, hata wa kutoka Nairobi au Mwanza, hupotea. Katika hoteli ndogo ya mchana huagizi chakula kimoja, unaagiza vitu viwili. Cha kwanza ni kile Waganda wanachokiita emmere: matoke, posho (yaani ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu, mihogo, malenge, pengine kalo ya ulezi. Hiyo unaweza kuomba mchanganyiko, na kwa kawaida haibadilishi bei. Cha pili ni enva, yaani kitoweo, ambacho wengi huita sosi, na bei ya sahani hufuata sosi. Maharagwe na binyebwa, ule mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi, huwa chini ya orodha ya bei, ng'ombe katikati, kuku na samaki juu. Pembeni huwekwa majani kidogo, dodo au nakati au kabichi, bila kuulizwa. Kwa mpangilio huu mlaji wa mboga amekwisha kuhudumiwa hata kabla hajajieleza. Matoke yaliyomenywa, yakafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke hayana mafuta wala nyama ndani yake. Posho ni unga na maji. Shida haitoki upande wa emmere, isipokuwa kwa pilau, ambayo hupikwa kwa supu ya nyama. Mhudumu anapokuletea "pilau bila nyama" mara nyingi ameziondoa nyama kwa kijiko na kukuachia supu yake ndani ya kila punje.

Shida iko kwenye enva. Binyebwa ni mfano bora. Karanga husagwa, unga wake ukakorogwa kwa maji baridi kwanza ili usifanye madonge, kisha ukatiwa vitunguu na nyanya na kuchemshwa taratibu kwa muda wa dakika arobaini hivi, bila kufunikwa kabisa, maana ukifunika hufurika. Mpaka hapo ni karanga tupu. Lakini wapishi wengi huongeza mukene, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, wakiwa wazima au wamesagwa unga, au vipande vya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Sababu zao ni nzuri: mukene huongeza ladha na protini kwa gharama ndogo, na akina mama wamefundishwa kwa miaka mingi kuwatilia watoto. Mukene aliyesagwa haonekani kwa macho. Anaonekana kwa ulimi, na kwa mtu aliyekatazwa samaki na dini au na mzio, ulimi umechelewa. Karanga zilizofungwa kwenye jani la mgomba kama luwombo zina hatari ileile, kwa sababu luwombo wa binyebwa mara nyingi hubeba nyama au samaki wa moshi katikati, na hujui mpaka ulifungue jani mezani.

Maharagwe yanaaminika zaidi, ila kuna upawa. Mhudumu anaona wali wako umekauka, na kwa ukarimu wa kweli anauchota mchuzi wa ng'ombe na kuumwagia juu. Hajakudhulumu, kwake huo ni "supu" tu, hauna nyama. Upawa huohuo hutembea kutoka sufuria ya nyama hadi ya maharagwe mchana kutwa, na wakati wa msongamano wa saa saba hakuna anayeufuta. Majani nayo yana namna yake ya kuharibika. Dodo ikikaangwa kwa kitunguu na nyanya ni salama, lakini ikitiwa kipande cha kiungo cha kiwandani chenye picha ya kuku au ng'ombe kwenye karatasi yake, imeshaingia mashaka. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyopitisha kuku na samaki tangu asubuhi. Katogo ya binyebwa na katogo ya matumbo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo chake, zinaweza kuwa zimeanza kwenye sufuria moja ya matoke. Hata chapati ya kikomando, ambayo ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, hupita juu ya bamba lililotoka kukaanga mayai ya rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Kwa anayekula mayai hilo si neno. Kwa Mhindu asiyekula mayai ni jambo zito.

Juu ya haya kuna lugha, ambayo naiona kuwa chanzo cha nusu ya makosa yote. Kwa mhudumu wa Kampala, nyama ni nyama ya ng'ombe, labda na ya mbuzi. Ukisema huli nyama ataitikia kwa heshima, na atarudi na kuku. Ukikataa kuku ataleta samaki, akiwa na hakika kwamba amekutafutia njia. Kiswahili hakisaidii hapa, kinaongeza utata. Kwa wengi wetu mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, na sentensi kama "leo mboga ni dagaa" haimshangazi mtu. Anayeagiza "chakula chenye mboga" hajasema karibu chochote. Jambo hili limepata uzito tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, kwa kuwa menyu na mabango ya Kiswahili yataongezeka, na neno "mboga" likiandikwa peke yake litawapotosha wengi kuliko litakaowasaidia. Afadhali kutaja vitu: "haina nyama, kuku, samaki wala supu yake." Kwa Kiganda ni rahisi vilevile: Sirya nnyama, sirya nkoko, sirya byennyanja. Kisha swali moja kwa nnyabo, yaani mama anayesimamia masufuria, wala si kwa kijana anayebeba sahani: Mulimu ki? Kuna nini ndani? Mpishi anajua alichotia. Mhudumu anakisia.

Ni nani hasa wanaohitaji uhakika huu? Wanaodhani ni watalii wachache waangalie sensa. Ile ya mwaka 2014 iliwahesabu Waadventista Wasabato kuwa asilimia 1.7 ya Waganda, yaani zaidi ya nusu milioni, na kanisa hilo hushauri ulaji usio na nyama ingawa si wote wanaoufuata. Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3, na Ijumaa za Kwaresima huwaweka mbali na nyama, ingawa samaki wanaruhusiwa. Wahindu wa Kampala, wa familia zilizorudi baada ya kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na wa waliokuja baadaye, wengi wao hawali nyama, baadhi hawali mayai, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wengi wao hawagusi hata kitunguu na kitunguu saumu. Waethiopia na Waeritrea wa Kabalagala na Kansanga walio Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na wakati huo huacha nyama, maziwa na siagi. Ongeza wagonjwa wa shinikizo la damu na wa jongo walioambiwa na daktari wapunguze nyama, ongeza mwanafunzi wa Makerere anayekula kikomando kwa kuwa ndicho anachokimudu. Mahitaji yao hayafanani. Alama moja ya jani la kijani haiwezi kuwajibu wote, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiamini sana.

Wapo wanaosema suluhisho ni kufungua migahawa isiyoingiza nyama kabisa, na hoja yao ina nguvu kubwa. Jiko la Kihindi la mboga tupu haliulizi upawa umetoka wapi, kwa sababu hakuna mahali pabaya ungeweza kutoka. Mla mboga anaagiza dosa, paneer au dengu akiwa ametulia. Migahawa ya Kiethiopia inakaribia hapo siku za mfungo: ukiagiza beyaynetu, ile injera (mkate mwembamba wa Kiethiopia) moja kubwa yenye mafungu ya dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), kabichi na sukuma, unapata chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama. Lakini uangalie siku, kwa kuwa nje ya mfungo shiro inaweza kutiwa samli yenye viungo, kwa hiyo asiyekula maziwa aseme "ya mfungo" hata kama ni Jumanne. Udhaifu wa hoja hii ni wa mahali na bei. Migahawa hiyo haiko Kikuubo wala Kalerwe, wala haimfikii mbeba mizigo anayekula saa saba akiwa amesimama. Kusema walaji wa mboga waende kwenye migahawa hiyo ni kuwaachia sahani za watu wenye nafasi, na kuwanyima chakula cha jiji lenyewe: nakati yenye uchungu wake mzuri, entula (zile bilinganya ndogo), malakwang ya Kaskazini ambayo majani yake machachu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakaungwa kwa odii ya karanga na simsim na kuliwa na viazi vitamu. Kuna boo na dek ngor, navyo vya Kaskazini, kuna firinda ya Magharibi, yaani maharagwe yaliyolowekwa usiku, yakavuliwa ngozi moja moja na kupondwa mpaka yakawa laini kama uji mzito. Firinda wakati mwingine humaliziwa kwa samli, na eshabwe ya Ankole ni samli yenyewe iliyopigwa na maji baridi na chumvi. Zote ni halali kwa asiyekula nyama lakini si kwa anayeepuka maziwa. Vyakula hivi ni urithi wa mlaji wa mboga kuliko baga yoyote ya dengu, na inasikitisha kuona menyu za bei kubwa zinavipita.

Wenye migahawa wana hoja yao ya pesa: mla maharagwe analipa kidogo na anakalia kiti kilekile. Hesabu ya jikoni haikubaliani nao. Kilo moja ya maharagwe makavu ikiiva hufika karibu kilo mbili na nusu, yaani sahani kumi na mbili za gramu mia mbili. Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa ikiiva hupungua hadi gramu mia saba hivi, na hizo ni sahani nane hivi ndogo. Bei ya kuuzia sahani ya maharagwe ni ya chini, lakini gharama yake ya kununulia iko chini zaidi, na maharagwe makavu hayaozi siku umeme ukikatika. Gharama ya kweli ya maharagwe ni moto. Yasipolowekwa hukaa jikoni saa mbili hadi tatu, na mkaa ni ghali, hasa tangu amri ya rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kutoka Kaskazini. Dawa yake inajulikana: loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji, chemsha kwa sufuria ya presha. Atakayelalamikia mkaa bila kuloweka amejitwisha gharama mwenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika sana: kwamba chakula bila nyama hakina nguvu, ni cha shule na cha jela, na mtu aliyetoka nyumbani kwake kwenda kulipia chakula hawezi kulipia maharagwe. Sehemu ya heshima naielewa. Watu wengi walikula posho na maharagwe miaka yote ya bweni na hawataki kukumbushwa. Sehemu ya nguvu haina msingi. Gramu 250 za maharagwe yaliyoiva zina protini ya gramu 20 hivi. Vipande viwili vitatu vya nyama unavyopewa Kampala, ambavyo vikipimwa ni gramu 80, vina kiasi hichohicho. Gramu 50 za karanga zilizosagwa zina 12 au 13. Sahani inayokosa nguvu ni ile ya matoke na kabichi peke yake, kwa kuwa matoke yana takriban gramu moja tu ya protini katika kila gramu mia, na hapo ndipo mhudumu hukosea anapoondoa nyama bila kuweka kitu badala yake. Yapo mambo mawili ya kweli ambayo wapinzani wangeweza kuyasema na hawayasemi. Madini ya chuma ya maharagwe hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama: chai inayonywewa pamoja na chakula huuzidisha ugumu huo, na kipande cha chungwa au limau huyasaidia. Na vitamini B12 haimo kwenye mimea. Anayekula mayai na maziwa huipata, asiyegusa vyote aitafute dukani.

Kuna hatari moja inayomhusu mla mboga kuliko mwingine yeyote, nayo ni sumukuvu ya karanga. Karanga zilizokaushwa vibaya huota ukungu, na sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiihii. Anayekula binyebwa mara tano kwa wiki ana haki ya kuuliza karanga zimetoka wapi. Mgahawa unaosaga karanga zake wenyewe, baada ya kuchambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, ni wa kuaminika kuliko unaonunua unga uliokwisha kusagwa, kwa sababu unga hauonyeshi kilichosagwa. Binyebwa yenye uchungu isiliwe. Ni vema pia kula mapema, kati ya saa sita na nusu na saa nane, kabla ya mchuzi kuongezwa maji na kupashwa mara ya pili. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kubaki juu ya nyuzi 60 au kisikae nje zaidi ya saa mbili, na sufuria ya jioni iliyo vuguvugu haijatimiza hata moja. Kachumbari na saladi mbichi zichaguliwe kwa uangalifu. Kampala iliiona homa ya matumbo ikisambaa mwanzoni mwa 2015, na maji machafu ndiyo yaliyotajwa.

Sasa kuhusu jiko. Wapishi wa vibanda husema hawana nafasi ya sufuria mbili kwa kila sosi, na wana sigiri tatu tu. Hilo ni kweli, na ndiyo maana pendekezo langu linahusu mpangilio kuliko vyombo. Pika binyebwa tupu mpaka ziive. Kisha chota nusu kwenye sufuria ndogo na hiyo ndiyo utie mukene, dakika kumi za mwisho. Mpishi hajaongeza moto wala muda, ameongeza sufuria moja ndogo, na sasa anauza sosi mbili badala ya moja. Majani yaungwe kwa chumvi, kitunguu na nyanya. Anayetaka kiungo cha kuku akitie kwenye kuku. Maharagwe yawe na upawa wake, wenye mpini uliofungwa kitambaa cha rangi ili hata mgeni wa kazi asikosee. Chipsi zikaangwe kwanza asubuhi, mafuta yakiwa mapya, kabla ya kuku. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji mtaji mkubwa.

Wala tusiambiwe kwamba Kampala haijui kutenganisha. Inajua sana. Nyama ya nguruwe inapendwa mno katika jiji hili, na bado hupikwa kwenye maeneo yake, kwenye karai lake, kwa kisu chake, kwa sababu muuzaji anajua kwamba Mwislamu hatarudi akihisi vimechanganywa. Waislamu walikuwa asilimia 13.7 katika sensa ya 2014, na biashara nzima ya chakula imejipanga kuwaheshimu bila kuishiwa nafasi wala sigiri. Walaji wa mboga hawajapata heshima hiyo kwa kuwa hawajaiomba kwa sauti moja, na kwa kuwa wengi wao, wakiletewa sahani yenye supu ya ng'ombe, hula kimya au huiacha na kuondoka.

Serikali ya jiji nayo inaangalia upande mmoja. Wakaguzi wa KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, huangalia usafi wa jiko na vyeti vya afya vya wapishi, na ni kazi ya lazima. Chakula cha kiwandani kinatakiwa kuorodhesha viungo kwenye karatasi yake. Sahani ya kupikwa haina karatasi, na hakuna anayeuliza kama "maharagwe" kwenye ubao ni maharagwe tu. Kwenye programu za simu hali ni mbaya zaidi, maana mteja haoni sufuria na hawezi kumuuliza nnyabo. Anasoma neno moja na kubonyeza. Kwa hizo, mstari mmoja chini ya jina la chakula ungetosha: "karanga, nyanya, kitunguu, chumvi, hakuna mukene." Wenye bufee za mikutano, ambazo huwalisha watu mamia kwa siku kutoka nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wana kadi ndogo mbele ya kila trei tayari. Kadi hizo leo zinasema "Binyebwa" na "Pilau". Nyuma yake ni tupu, na kalamu iko mezani.